Mwenye Kitabu Hana Kazi

Katika nyumba nyingi nilizokaa, mtu aliyeshika kitabu anahesabiwa kuwa hana kazi. Aliyeshika ufagio ana kazi. Aliyeshika mwiko ana kazi. Hata aliyeshika simu anapewa nafasi yake, maana hujui anaongea na nani. Fungua kitabu sasa uone: hujamaliza ukurasa utasikia, "Mama, kwa kuwa umekaa tu, hebu nitazamie maharage yasiungue." Ukijibu kwamba unasoma, unaambiwa, "Si utaendelea baadaye?" Baadaye hiyo huwa haifiki. Mimi niliingoja tangu nilipoolewa.

Ushuhuda una sheria yake: msemaji aeleze alikuwa wapi, sasa yuko wapi, na nini kilimvusha. Nilikuwa mwanamke anayependa vitabu na asiyesoma. Sasa nasoma, na walio ndani ya nyumba yangu wanasoma, kila mmoja kwa kiasi chake. Kilichonivusha ni benchi la mbao la futi 4.

Mimi ni karani wa bohari katika eneo la viwanda Chang'ombe, Dar es Salaam. Tunapanga Temeke, kwenye nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uwa nyuma wenye bomba na vyoo. Upande mmoja wote ni wetu, na chumba cha mbele tumekifanya sebule. Zamani ungeingia sebuleni kwetu ukajua mara moja imepangwa kwa ajili ya nani. Makochi seti nzima, yamefunikwa vitambaa vya kufuma ambavyo watoto walikatazwa hata kuvigusa. Meza ya kioo. Televisheni ukutani. Na mbele ya dirisha pekee la chumba, kabati la vyombo lenye milango ya vioo, limejaa vikombe vya zawadi za harusi, sahani za maua, na chupa moja ya chai yenye nakshi za dhahabu ambayo chai haijawahi kuiona.

Vyote hivyo vilikuwa vinamsubiri mgeni. Mgeni mwenyewe akija anakaa nusu saa, anakunywa soda, anaaga. Sisi wenye nyumba tulikuwa tunaishi pembeni ya sebule yetu wenyewe: watoto sakafuni, baba yao kwenye kochi la mtu mmoja mbele ya televisheni, mimi uani au kitandani. Vitabu vyangu vilikuwa uvunguni, ndani ya sanduku la bati nililotoka nalo Tanga nilipokuwa mwali.

Kusoma kitandani nilijaribu. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala, akashinda anahesabu maboksi, hawezi kulala chali na riwaya mkononi akafika mbali. Ukurasa wa pili macho yamefunga na kitabu kimekuangukia usoni. Uani nako kuna moshi wa majiko matatu na kuna mazungumzo, na mazungumzo ya uani yana utamu wake, sikatai. Riwaya nyingi hazifui dafu mbele yake.

Masika moja maji yakapenya ukutani, upande wa dirisha. Kabati likaanza kuvimba kwa chini. Tulipolisogeza tukakuta mchwa wamekwisha kula miguu ya nyuma. Kilichokuwa kimelisimamisha ni rangi tu. Likapakiwa kwenye kirikuu likapelekwa Yombo kwa wifi yangu, ambaye mumewe ni seremala, ili litengenezwe. Vikombe vya harusi tukavifunga kwenye magazeti.

Pale lilipokuwa pakabaki nafasi ya kama futi 5 kwa 4, na mwanga. Dirisha lile linatazama mashariki. Tuliishi na jua la asubuhi limezibwa na sahani za maua, nasi tukilaumu nyumba kwamba ina giza.

Jioni moja ya Jumapili nikatandika mkeka pale, nikaweka mto mgongoni, nikafungua *Kuli* ya Adam Shafi, riwaya ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Nilitaka tu kupunga upepo. Mwanangu wa kati akaja mbio kutoka koridoni, "Mama, eti...", akaniona, akasita, akageuka alikotoka. Nikamsikia anamwambia nduguye mlangoni, "Subiri, mama anasoma."

Hakusema mama amekaa.

Nimekulia Tanga kati ya majirani Waislamu, na jambo moja linalojulikana hata na mtoto wa Kikristo kama nilivyokuwa ni kwamba aliye juu ya msala akiswali haitwi. Hupiti mbele yake, humuulizi chumvi iko wapi, hata kama ni mama yako na una njaa. Msala haujapaza sauti. Kila mtu anajua tu kwamba ule si mkao wa bure. Mkeka wangu siku ile ulinifanyia kitu cha namna hiyo. Mtu yule yule, na kitabu kile kile ambacho kitandani kilikuwa hakinikingi na lolote, sasa alikuwa mahali panapojieleza penyewe.

Kuna usemi unaopendwa sana na wahutubiaji, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiweke ndani ya kitabu. Umenichosha. Kila anayeusema anaangua kicheko, kisha anarudi nyumbani kwake ambako kuna kiti cha kuangalia mpira na hakuna kiti cha kusomea. Nyumba zetu zina mahali pa kulala, pa kupikia, pa kuogea, pa kumpokea mgeni. Maongezi yana kibaraza chake cha nje, na bao lina kivuli chake chini ya mwembe. Kitabu tunakitaka kijitafutie nafasi kati ya hayo yote, kikishindwa tunasema watu hawapendi kusoma.

Baba watoto akaniuliza kabati litarudi lini. Nikamwambia likipona. Mwisho wa mwezi, mshahara ulipoingia, nikaenda Keko.

Kwa asiyeijua Dar es Salaam, Keko ndiko kwenye mafundi wa samani. Vitanda, makochi na meza vimepangwa kando ya barabara, na harufu ya vanishi inakupokea kabla hujashuka kwenye gari. Fundi niliyempata alikuwa mzee wa makamo, penseli sikioni.

"Nataka benchi, fundi."

"Benchi la dukani, dada? La saluni?"

"La kusomea."

"Aa, la shule. Mangapi?"

"Moja. La nyumbani."

"La watoto."

"Langu mimi."

Akaitoa penseli sikioni, akanitazama vizuri, akavuta kipande cha boksi kuchora. Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Aliniketisha juu ya kila kiti alichokuwa nacho akipima magoti yangu kwa futi kamba, akanifundisha mambo ambayo sikuwahi kuyawazia. Kiti cha kusomea kikiwa kirefu sana kwenda nyuma, mgongo haufiki kwenye egemeo na miguu inaning'inia. Kwa kimo changu akasema inchi 20 zinatosha. Kimo cha kukalia inchi 14, maana sponji itaongeza inchi 4 na ukikaa itadidimia kidogo. Egemeo lisisimame wima kama la kanisani. Lilale nyuma kiasi cha kiganja, la sivyo dakika ishirini tu kiuno kitalalamika. Na pembeni niwe na ubao wa kuwekea mkono na kikombe, upande wa kulia, kwa sababu mkono wa kulia ndio unaofunua kurasa na ndio unaochoka.

Nilitaka mninga. Akaniambia bei, nikaacha kutaka. Akanishauri fremu ya mabaki ya mninga, vile vipande vya mbili kwa mbili vinavyobaki wakikata vitanda, na ubao wa kukalia uwe paini. Paini, nyingi yake inayotoka Sao Hill kule Mufindi, ni nyepesi na inakubali randa, lakini mchwa wanaipenda kama watoto wanavyopenda visheti, kwa hiyo tuchukue iliyotiwa dawa. Chini ya kiti akaacha rafu wazi ya vitabu, imeinuliwa inchi 6 kutoka sakafuni ili nideki bila kulowesha kitu. Kazi yote ikanigharimu Sh 85,000, na sponji ngumu ya inchi 4 pamoja na ushonaji Sh 40,000. Kwa fedha hiyo pale pale Keko nisingepata kochi la mtu mmoja. Kitambaa sikununua: nilikwenda mitumba ya Tandika nikachagua suruali za jinzi zilizochakaa magoti, jirani yangu mwenye cherehani akazikata na kuziunga. Jinzi ni ngumu, haionyeshi uchafu upesi, na mtoto akimwaga juisi dunia haiishi. Ukiniuliza, ndicho kitambaa cha kusomea.

Mwenye nyumba wetu hataki misumari ukutani, hivyo hakuna rafu iliyopigwa. Benchi linasimama lenyewe, limeachana na ukuta kwa inchi 3. Nafasi hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Ukuta wa matofali hunyonya unyevu wakati wa masika, na kitabu kilichobanwa ukutani huota ukungu mgongoni kabla hujajua. Vitabu vyetu vya zamani vya Kiswahili vingi vilichapwa kwenye karatasi duni, ile inayokwenda rangi ya chai kadiri miaka inavyopita na kukatika ukikunja pembe. Havina nguvu ya kupigana na maji. Miguu ya benchi nimeichovya kwenye vikopo vya maziwa vyenye oili chafu kidogo, dawa ya mchwa ya bibi zetu. Haipendezi machoni, nimekizungushia kila kikopo kipande cha ukili. Na kila baada ya muda nautoa mzigo wote wa vitabu nje kivulini, upepo uupitie. Juani usiuweke, gundi ya mgongo itakauka na kurasa zitaachia.

Taa ndiyo iliyoleta mjadala ndani ya nyumba. Taa ya katikati ya dari humulika kisogo cha msomaji, kivuli cha kichwa kikaangukia ukurasa. Nilitaka taa ya pembeni inayotokea nyuma ya bega la kushoto, yenye balbu ya mwanga wa njano usiochoma macho. Baba watoto akasema hiyo ni Luku ya pili ndani ya nyumba moja. Mimi ni karani, nikachukua kalamu. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 3 kila usiku inatumia wati-saa 27. Yuniti 1 ni wati-saa 1,000. Maana yake yuniti 1 inaiwasha taa yangu siku 37. Akaitazama hesabu, akaigeuza karatasi kutazama nyuma kama kuna zaidi, akaenda mwenyewe kununua balbu. Usiku umeme ukikatika kuna taa ndogo ya kuchaji kwa jua, inakaa dirishani mchana kutwa ikinywa.

Kuhusu mbu niseme wazi, maana wenye kuandika habari za kupendezesha nyumba huwa hawawataji. Jua likitua Dar es Salaam, mtu aliyetulia ni karamu. Dirisha lina wavu, lakini mbu hawaji kwa dirisha tu, na wanapenda vifundo vya miguu chini ya kiti. Mafuta ya kupaka yana harufu inayoingia mpaka kwenye kitabu. Kilichonifaa ni feni ya chini iliyoelekezwa miguuni: mbu ni mrukaji dhaifu, upepo wa feni unamshinda. Juu ya magoti najifunika khanga. Wakati wa kusi, upepo wenyewe ukiingia dirishani, hata feni naizima.

Mbali na hayo kuna kikapu cha ukindu kimening'inia kwenye pembe ya benchi. Anayekaa pale anaweka simu humo. Sheria ni hiyo moja: benchi ni la mwenye kitabu, gazeti au daftari. Ukitaka simu, kuna makochi seti nzima, sasa yanakalika, maana vile vitambaa vya kufuma nilivitoa siku ile ile benchi lilipoingia.

Jirani wa chumba cha mkabala alikuwa wa kwanza kuingia. Akatazama pale palipokuwa na kabati, akatazama benchi, akanishika mkono akanivuta koridoni. "Shoga, mmeuza kabati? Kama kuna tatizo si useme, tuna kikundi hapa." Nilicheka mpaka machozi. Lakini alikuwa na haki ya kuhofu. Mtaani kwetu kabati la vyombo likitoka nyumbani, ama ni deni ama ni talaka. Nikamketisha pale dirishani, nikampa *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Mohammed Said Abdulla, kitabu cha 1960 chenye upelelezi wa Bwana Msa, ajisomee wakati nachemsha chai. Chai ikapoa. Kitabu aliondoka nacho, na alipokirudisha alikuja na madai kwamba angemtambua muuaji mapema kuliko Bwana Msa kama mwandishi asingemficha mambo. Sasa anakuja na khanga yake mwenyewe ya kujifunika miguu.

Lakini aliyenifanya nione kwamba jambo hili limekuwa kubwa kuliko benchi ni mama mkwe.

Yeye ni mtu wa Ukerewe. Alikuja kutuona, na siku ya kwanza aliponikuta nimekaa na kitabu jua limekwisha kutua, alisimama mlangoni akaniuliza kwa upole wa mama mkwe, ambao hauna upole wowote ndani yake, "Mwanangu, leo mmekula nini mchana, maana naona umepumzika?" Nikanyanyuka. Benchi lilinilinda na watoto, na baba yao, na jirani. Kwa mama mkwe halikuwa na nguvu.

Alijifunza kusoma akiwa tayari ameolewa, kwenye kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata nchi nzima watu walikaa chini ya miembe na kwenye madarasa yaliyoachwa na watoto jioni, wakishika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Alikuwa mmoja wao, na alifaulu. Siku moja nikamuuliza: alisoma nini baada ya hapo? Akafikiri. Kalenda. Majina kwenye magunia ya mpunga. Barua za wanawe walipokuwa masomoni, mpaka simu zilipokuja barua zikakoma. Na Biblia, lakini maandishi yake yamekuwa madogo. Alisema hivyo kana kwamba Biblia ndiyo iliyosinyaa.

Nikatoa *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi. Nilijua ninachokifanya. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, na hadithi yenyewe imeanzia hapo hapo. Ilitoka 1971 na kwa muda ilipigwa marufuku shuleni, kwa jinsi ilivyosema waziwazi mambo ya wasichana na waliowaharibu. Nikaanza kumsomea kwa sauti, yeye benchini, mimi chini kwenye mkeka.

Akanisimamisha mapema sana. "Anasema Namagondo? Namagondo yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Nani alimpa ruhusa?"

Nikamwambia mwandishi ni mtoto wa huko huko. Akanyamaza, akavuta khanga, akasema, "Haya, endelea tuone kama anasema kweli." Tukaendelea. Kila jina la mahali alilikagua. Tulipofika kwa Zakaria, baba yake Rosa, mlevi mkali kwa binti zake kuliko kwa pombe yake, hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema akina Zakaria anawajua, na akaanza kunisimulia habari ambazo mwanawe, mume wangu, hakuwahi kuzisikia. Kitabu kilikaa wazi mapajani mwangu usiku ule bila kusomwa, na sikuona hasara.

Tukampeleka kupimwa macho akapata miwani. Akaanza kusoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, midomo ikicheza. Nilimwomba mume wa wifi yangu amtengenezee kitegemeo kidogo cha mbao mfano wa marufaa ya kusomea Msahafu, maana mikono yake inatetemeka na kitabu kizito kinamchosha. Watoto wakawa wanasubiri zamu nyuma ya bibi yao, na bibi hana haraka. Yule aliyeniuliza kama nimepumzika sasa alikuwa akiniita kutoka sebuleni, "Mkwe wangu, maharage yako!" bila kuinua macho. Aliporudi Ukerewe aliondoka na *Rosa Mistika*, na miwani, na kile kitegemeo. Akipiga simu, baada ya kuuliza hali za watoto, anauliza nani amekaa mahali pake.

Baba watoto ni dereva wa malori ya Tunduma, nyumbani anakuja na kuondoka. Mwanzoni alikaa benchini kwa kuwa ndipo penye upepo. Siku hizi anasoma *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya 1969 ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, na anaisoma kama dereva wa mizigo. Hukumu yake ni kwamba kisa chote kimeletwa na mfanyabiashara mmoja kuweka rehani mwili wake ilhali mali yake yote iko baharini na hana bima. Nimemwambia Shakespeare alikuwa na shabaha nyingine. Amesema hilo ni shauri lake.

Watoto nao sitasema wamekuwa wa kwanza darasani, hawajawa. Mkubwa analitumia benchi kwa daftari zake za shule na akimaliza anaondoka. Wa kati anasoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya paketi za unga. Mdogo ana *Hekaya za Abunuwasi*, anazisoma kwa sauti na kuzicheka kabla hajafika panapochekesha. Wanagombania nafasi, na ugomvi huo nimeuacha uendelee, wangeweza kugombania kitu kibaya zaidi.

Kelele hazijaondoka. Kuna nyumba ya pili yenye sabufa, na singeli ikianza Ijumaa jioni vioo vya dirisha vinacheza pamoja nayo. Siku ya Simba na Yanga hakuna anayesoma Temeke nzima, na mimi siwezi kudai vinginevyo, naangalia mpira pia. Kuna wiki bohari inafunga hesabu nikirudi nyumbani siwezi hata kusoma bili ya maji. Benchi linakaa tupu, taa imezimwa. Tofauti ni kwamba nikirudi kwake nalikuta pale pale, na alama yangu ya ukurasa iko pale nilipoiacha. Siku za sanduku la uvunguni, kurudi kwenyewe kulikuwa kazi: kuinama, kuvuta, kufuta vumbi, kutafuta pa kukaa, na wakati huo usiku umekwisha.

Vitabu navipata mjini. Wale wauzaji wanaotandaza vitabu chini kando ya mitaa ya Posta wana hazina, ukiwa na subira ya kuchambua kati ya vitabu vya mitihani na vya kutajirika haraka. Mtaa wa Samora kuna duka la vitabu la TPH. Na kwa asiye na fedha ya kununua vitabu, Maktaba Kuu ya Taifa iko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, imekuwepo tangu 1967, ina feni, ina viti. Mtu anayeishi chumba kimoja na watu sita, mimi ningemwambia aanzie huko.

Kabati liko Yombo bado. Limekwisha kutengenezwa, miguu mipya, rangi mpya. Wifi ameuliza kama tutalifuata, nikamwambia alitumie yeye. Vikombe vya harusi nilivitoa kwenye magazeti na sasa tunavinywea chai. Kimoja kimevunjika.

Wewe unayesoma haya umejibana ukingoni mwa kitanda, au umesimama jikoni ukigeuza mwiko kwa mkono mmoja: angalia dirisha lako limezibwa na nini. Likisogezeka, lisogeze, utandike mkeka, ukae hapo kwa wiki chache kabla hujatumia hata shilingi. Ukiona nyumba imeanza kukuzoea, nenda Keko, au kwa seremala wa mtaani kwako, na umuulize bei ya mabaki ya mbili kwa mbili kabla hajakuonyesha seti ya makochi.